Dhambi ya Nyumba, Adhabu ya Binti

Miongoni mwa mambo ambayo riwaya ya Kiswahili imeyarudia mara kwa mara katika muda wa zaidi ya nusu karne, ni machache yaliyoshikiliwa kwa uthabiti kama habari ya msichana anayeingia katika umri wa ujana ilhali nyumba aliyozaliwa imekwisha kuingia ufa: baba ni mlevi au jabari, mama amenyamazishwa au amepewa talaka, mali inagombewa na jamaa, au mwanamwali mwenyewe amekwisha kupangiwa mume asiyemtaka. Visa hivi vimesomwa na vizazi vya wanafunzi wa Tanzania na Kenya, vikatungiwa miongozo, vikaulizwa katika mitihani. Walakini aghalabu vimezungumzwa kimojakimoja, hata ungedhani kuwa Rosa, Maimuna, Rehema, Yasmin na Umu hawajuani hata kwa majina. Tukiwaketisha pamoja katika baraza moja, itadhihirika kuwa mwenendo wao ni mmoja, na kwamba waweza kupimwa kwa maswali manne: ni nini kilichoharibika nyumbani, ni nani anayempokea msichana atokapo, ni nani anayelipa gharama ya maovu yaliyotendwa, na ni nani asimuliaye kisa hicho, kwa masikio ya nani. Rai ya makala haya ni kwamba thamani ya riwaya ya namna hii haimo katika wingi wa machozi inayoyatoa kwa msomaji, bali katika insafu yake, yaani jinsi inavyogawa lawama baina ya nyumba na binti.

Kabla ya kuja kwa riwaya, binti wa Kiswahili alikuwa amekwisha kuingia katika fasihi kwa mlango wa nasaha. Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka wa Siu, alipotunga utenzi wake mashuhuri mnamo mwaka 1858, naye akiwa katika maradhi, alimwita bintiye Mwana Hashima aketi karibu naye ili amwachie wasia wa dini, wa adabu, na wa namna ya kukaa na watu na mume. Utenzi ule ni johari ambayo haijachujuka mpaka leo. Lakini ndani yake mama ndiye asemaye na binti ndiye asikiaye, wala hatujulishwi kama msichana yule alikuwa na swali lolote moyoni. Hivyo ndivyo ilivyo tabia ya nasaha popote, iwe ya mama mgonjwa, iwe ya kungwi katika unyago: huchukulia kuwa nyumba ni nzima, kwamba mwenye kutiiwa anastahili kutiiwa, na kwamba balaa, ikiwapo, itatoka nje. Haikuwa kazi ya utenzi kueleza mambo yatakuwaje iwapo yule yule anayepasa kutiiwa ndiye aletaye balaa ndani.

Swali hilo lilingoja riwaya, na riwaya nayo ilingoja shule. Zamani msichana alitoka kwa wazazi wake akaenda moja kwa moja kwa mumewe, na hapakuwa na kituo katikati ambapo angeweza kukaa peke yake na fikira zake. Katika miaka iliyozunguka uhuru kituo hicho kilianza kupatikana kwa wengi zaidi: bweni la shule, chuo cha ualimu, chumba cha kupanga mjini. Hapo mtu aweza kupokea barua isiyopitia mikononi mwa baba, kushika mshahara wake, kufanya urafiki usiopangwa na jamaa, na juu ya yote aweza kuitazama nyumba yao kwa mbali na kuihukumu. Bila ya umbali huo hapana riwaya ya msichana. Kuna malalamiko tu, nayo malalamiko hayakosekani jikoni kwa mtu yeyote.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ndiye aliyetangulia kwa nguvu na kwa kishindo. Riwaya yake ya Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, inatuingiza katika aila ya Zakaria na Regina, ambamo mna mabinti wengi, mama mvumilivu, na baba mlevi ambaye, katika wajibu wote wa ubaba, anatimiza kwa ukamilifu ule wa kupiga. Barua ya mvulana inapogunduliwa, Rosa anapata kipigo kikali, na tangu siku hiyo anafunzwa kumwogopa kila mwanamume, hata wa kusalimiana naye. Kosa lake, ukilitazama kwa karibu, ni dogo ajabu: msichana huyu amepokea karatasi, hajatenda neno. Adhabu imetangulia dhambi, na katika sehemu iliyobaki ya kitabu dhambi inakuja kuifuata adhabu nyuma, kama mtu aliyekwisha kulipishwa deni ambalo hakulikopa, na sasa anaona bora aende akalichukue. Anapofika katika shule ya bweni, na baadaye katika chuo cha ualimu huko Morogoro, uhuru unamkuta hana mazoea nao; anautumia bila ya kiasi, anatoa mimba, anapata jina baya, kisha anajirudi na kutaka kuishi maisha ya murua. Lakini mchumba aliyemtumaini anamkataa kwa sababu ya yaliyopita, na Rosa anajiua.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1976, Mohamed Suleiman Mohamed alitoa Nyota ya Rehema, na ufa wa nyumba ukaonyeshwa mahali pengine kabisa. Baba yake Rehema, Fuad, ni tajiri wa mashamba mwenye asili ya Kiarabu. Mtoto anazaliwa akiwa mweusi kuliko ilivyotarajiwa, na rangi ile inamfanya baba amtilie shaka na kumchukia. Mama, Aziza, anafariki; mama wa kambo, Adila, anashika nyumba; na msichana anakua akiwa mgeni katika milki ambayo kwa haki ni yake pia. Katika kisa hiki taabu ya nyumbani haikutokana na pombe wala na ukali wa tabia peke yake. Imetokana na historia ya visiwa vya karafuu, na mizani ya rangi na nasaba iliyowekwa tangu kale, ambayo baba ameirithi pamoja na mashamba. Ndiyo maana chuki ile haimaliziki utotoni: Rehema akiwa mtu mzima, naye akiwa ameolewa na Sulubu na kuistawisha kwa jasho ardhi aliyoahidiwa na babaye, bado warithi wanakuja kuidai, na nyumba ya pili inavunjwa na mkono ule ule ulioivunja ya kwanza.

Naye Said Ahmed Mohamed, katika Utengano (1980), aliingia katika nyumba ya mkubwa wa siasa. Maksuudi hadharani ni mtu wa heshima na maneno matamu. Ndani ni mlinzi wa jela. Mkewe Tamima na bintiye Maimuna wametawishwa, hawatoki wala hawaingiliwi, na jambo hilo huitwa stara. Kuna tukio moja ambalo latosha kuwa kipimo cha kitabu kizima: Tamima anashikwa na uchungu wa kuzaa, na mkunga aliyekaribu ni Bi Farashuu, ambaye Maksuudi hataki akanyage katika nyumba yake, kwani bibi huyo anazijua taksiri zake za zamani. Bwana anaporejea na kuona kuwa amri yake imevunjwa, hatazami kuwa mkewe alikuwa baina ya uhai na mauti. Anatazama kuwa amri imevunjwa. Talaka inatoka, nyumba inasambaratika, na Maimuna, ambaye hajawahi kufunzwa hata njia ya kwenda sokoni, anatoroka kuingia katika mji ambao unamjua vizuri zaidi kuliko yeye anavyoujua.

Adam Shafi katika Vuta N'kuvute (1999) anatupa ufa wa namna ya nne. Yasmin, msichana wa Kihindi mwenye umri wa miaka 15 katika Unguja ya siku za ukoloni, ameozwa Raza, mfanyabiashara aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Hapana apigwaye hapa wala afungiwaye kwa minyororo. Kuna adabu, kuna chakula, kuna duka. Kilichokosekana ni hiari. Na Yasmin anapoikimbia ndoa hiyo, jamaa zake mwenyewe, akiwamo mjomba wake, ndio wanaomfungia mlango, kwa kuwa aibu ya ukoo imepewa uzito kupita uhai wa mtoto wa ukoo.

Ukizitazama nyumba hizi nne kwa pamoja, utaona kuwa methali mashuhuri ya wahenga, kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, imo ndani ya kila moja, lakini imegeuzwa uso. Methali humtaja mama peke yake, na kwa hiyo mtoto akipotea vidole vyote humwelekea yeye. Waandishi hawa wamekwenda kuchungulia kwa nini mama hakufunza. Regina amechoshwa na vipigo, Aziza yuko kaburini, Tamima amefungiwa pamoja na mwanawe na ujinga wake ni sawa na wa bintiye. Katika nyumba ambamo mama hana kauli, kumlaumu kwa kutofunza ni kama… hapana haja ya mfano: ni dhuluma iliyo wazi. Kwa hoja hii pekee riwaya hizi zilikuwa zimekwisha kupiga hatua mbele ya waadhi wa kawaida, kwa kuwa zilithubutu kumwita baba mbele ya baraza na kumwuliza.

Twende kwenye swali la pili. Kila riwaya ya namna hii inafika mahali ambapo msichana amevuka kizingiti na jua linakuchwa, na mwandishi sharti aamue huyu mtoto atalala wapi. Uamuzi huo unatuonyesha mwandishi anaidhania nini jamii yake, hata kuliko hotuba zote atakazowatia wahusika vinywani. Maimuna anapokewa hatimaye na Mama Jeni, mwenye danguro, na pombe na baa vinakuwa ndio madrasa yake mpya. Rehema anakutana kwanza na Sulubu, ambaye anamsaidia bila ya kumdai kitu, kisha mji unamchukua na kumtumia. Yasmin anapokewa na Mwajuma, mwanamke maskini wa Kiswahili, mpenda taarabu na starehe, asiyekuwa na ukoo naye, wala dini ya jamaa zake, wala rangi yao. Na chumba cha Mwajuma chafanya yale ambayo nyumba ya mjomba na ya mume zilishindwa kufanya. Mwajuma si mtakatifu, na Shafi hakutaka awe hivyo. Lakini katika fasihi yetu huyu ni mmoja wa watu wachache wanaofungua mlango usiku bila ya kupiga hesabu ya faida, na urafiki wa wanawake hawa wawili ni jambo zuri kuliko mapenzi yote ya kitabu hicho.

Rosa anapokewa na taasisi, yaani shule na chuo, nazo taasisi zile zina vitanda na kengele na sheria, lakini hazina mtu aliyepewa kazi ya kumsikiliza. Hapo Kezilahabi aliona mbali. Alionyesha kuwa elimu, iliyosifiwa sana katika siku zile kuwa ndiyo dawa ya kila ugonjwa, yaweza kumpa msichana cheti bila ya kumtoa ndani ya hofu aliyotoka nayo kwao.

Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo ni la malipo. Kwa miongo mingi riwaya ya Kiswahili ilijua vizuri sana namna ya kumtoa msichana nyumbani, lakini haikujua la kumfanya baada ya hapo. Njia zilikuwa mbili: kuharibika kisha kufa, au kuharibika kisha kutubu na kuolewa. Baba mwovu aliadhibiwa pia, ni kweli. Maksuudi anaanguka kutoka katika cheo chake, na Zakaria hapati fahari yoyote. Lakini adhabu ya baba ni ya heshima na mali, na adhabu ya binti ni ya mwili: mimba, ulevi, maradhi, kifo. Mwandishi anaweza kusema kuwa hivyo ndivyo ulimwengu ulivyo, na kwamba yeye ameakisi tu. Jawabu hilo lina haki nusu. Ulimwengu wa miaka ile ulikuwa na wasichana wengi pia waliotoka katika nyumba mbovu wakawa walimu, wauguzi, mafundi cherehani na wafanyabiashara wa mitumba, wakazeeka. Hao hawakuingia vitabuni, kwa sababu kisa chao hakikuwa na onyo ndani yake, na riwaya ya wakati ule, pamoja na ujasiri wake wote, ilikuwa bado imeshika kiboko cha waadhi kwa mkono wa pili.

Wala riwaya haikuwa peke yake katika kanuni hiyo. Mwaka ule ule wa 1971 uliotoa Rosa Mistika ndio ulioleta Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ambayo ilimweka mvulana katika miaka 18 lakini ikamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama. Kwa maneno mengine, hiari ya mtoto ilikabidhiwa nyumba ile ile ambayo riwaya ilikuwa ikiuliza kama ni salama. Ilipita takriban miaka 45 kabla Mahakama Kuu, mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, haijaamua kuwa vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaikubali hukumu hiyo mwaka 2019. Kadhalika mwanafunzi aliyeshika mimba alikuwa akiondoshwa shuleni, na aliyemtia mimba mara nyingi akabaki akiendelea na shughuli zake, mpaka serikali ya Tanzania ilipotangaza mwezi wa Novemba 2021 kuwa wasichana hao waruhusiwe kurudi katika masomo. Sheria na riwaya, basi, zilikuwa na mazoea mamoja ya kuandika dhambi ya wengi katika daftari la mmoja. Tofauti yao ni kwamba riwaya, hata ilipomwadhibu binti, ilimlazimisha msomaji amhurumie, na huruma hiyo ilikuwa mwanzo wa kuihoji adhabu yenyewe.

Sasa tuje kwa asimuliaye. Vitabu vinne nilivyovitaja vimeandikwa na wanaume, na jambo hilo si la kuwatia hatiani, kwani baadhi yao wameandika kwa uchungu wa kweli. Lakini mwanamume aandikapo habari za msichana aliyepotea, macho yake hupenda kuvutwa na kule kupotea: danguro, baa, usiku wa mji. Wanawake waliingia katika uwanja huu mapema pia, ingawa sifa zao hazikuenea kwa kadiri wanayostahili. Ndyanao Balisidya alitoa Shida mwaka 1975, na Zainab Burhani akatoa Mali ya Maskini mwaka 1981. Hata hivyo, kazi ya mwanamke iliyowafikia wasomaji wengi wa umri wa wasichana wenyewe ni ya Assumpta Matei, Chozi la Heri, iliyotoka Kenya mwaka 2014 na kuwa kitabu teule katika shule za upili za nchi hiyo.

Kitabu hicho kimesimama juu ya majivu ya fujo zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa mwisho wa mwaka 2007, na kwa hiyo nyumba hazivunjiki moja moja; zinavunjika mtaa kwa mtaa. Umu, binti wa Lunga na Naomi, anaachwa na mama aliyekwenda kutafuta maisha, anafiwa na baba, na kisha mtumishi wa nyumbani, Sauna, anatoroka na ndugu zake wadogo wawili, Dick na Mwaliko. Kwa muda mfupi msichana aliyekuwa na aila anabaki na jina tu. Atokapo, hapokewi na mwenye danguro. Anapokewa kwa msaada wa Hazina, mvulana wa mitaani ambaye hapo zamani, siku za neema, Umu alimhurumia na kumsaidia. Kijana yule ndiye anayemwongoza kwenye makao ya watoto, na kutoka huko anapata wazazi wapya, Mwangeka na Apondi, ambao nao wana majeraha yao.

Ila jambo kubwa zaidi katika kitabu hiki, kwa maoni yangu, ni Sauna. Angeweza kuachwa awe shetani wa hadithi, mwizi wa watoto ambaye msomaji humlaani na kupita. Mwandishi amemrudisha utotoni: Sauna alinajisiwa na baba wa kambo, na mamaye, kwa kuogopa fedheha na kuvunjika kwa ndoa, alimtaka anyamaze; Sauna akaondoka kwao akiwa na siri hiyo, na aliyempokea ni Bi Kangara, mfanyabiashara wa watoto. Hapa Umu na Sauna wanasimama kama mabinti wawili wa balaa moja. Wote nyumba zao ziliwaangusha, wote walitoka. Kilichowatenganisha hakikuwa tabia njema ya mmoja na mbaya ya wa pili, bali ni nani aliyekuwa amesimama mlangoni siku walipotoka. Matei hakumwondolea Sauna hatia, na polisi wanafanya kazi yao. Lakini lawama imegawanywa kwa vipande vinavyolingana na matendo ya watu, na kipande kikubwa kimerudishwa kwenye nyumba iliyonyamazisha. Hiyo ndiyo insafu niliyoitaja mwanzoni.

Kuna na sehemu nyingine ya kitabu hicho inayostahili kutazamwa kwa karibu. Umu akiwa katika shule ya Tangamano anawasikia wenzake, Kairu, Mwanaheri, Zohali na Chandachema, wakieleza kila mmoja yaliyomfika: huyu ukoo wa babaye ulimkataa mamaye, huyu aliyeshika mimba akatupwa na wazazi, huyu aliyelelewa na bibi mpaka bibi akafariki. Hapana mkubwa katikati yao anayetoa nasaha. Hakuna anayemwambia mwenzake kuwa alikosea wapi. Tangu enzi ya Mwana Hashima aliyeketi na kusikiliza, safari imekuwa ndefu mpaka kufika hapa ambapo mabinti wanasema na mabinti wanasikiliza. Na yule aliyedhani kuwa taabu yake ni aibu ya kwao peke yao anatambua kuwa ni jambo la watu wengi, na jambo la watu wengi laweza kuulizwa hadharani.

Wako wanaopinga, na hoja zao zisidharauliwe. Wa kwanza husema kuwa vitabu hivi hufundisha uasi, kwamba mtoto akisoma habari za baba mwovu atamtazama babaye kwa jicho la shaka. Rosa Mistika iliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa fikira za namna hiyo, kwa kuwa ilieleza waziwazi mambo ambayo wazee walitaka yasemwe kwa mafumbo. Lakini msichana mwenye baba mwema hasomi habari za Zakaria akamchukia babaye. Humshukuru Mungu kwa alichopewa. Na msichana mwenye Zakaria nyumbani hakungoja kitabu kimfundishe. Alichokosa ni kujua kuwa kosa si lake. Marufuku, basi, haikumlinda mtoto yeyote ila mtu mmoja, naye si mtoto.

Wa pili husema kuwa riwaya mpya zimeingia katika kosa lililo kinyume cha lile la zamani: kwamba Chozi la Heri linapanga wokovu kwa wepesi mno, ndugu waliopotea wakikutana kwa bahati, na kila yatima akipata mlezi mwema. Hoja hii ina ukweli, na msomaji mzima huenda akatabasamu mbele ya sadfa zile. Walakini tukumbuke kuwa sadfa za maangamizi, zilizokuwa nyingi vilevile katika vitabu vya awali, hatukuziita sadfa, tuliziita uhalisi. Ni mazoea gani yaliyotufanya tuone kuwa msichana kuokotwa na mwenye danguro ni jambo la kawaida, na kuokotwa na mtu mwema ni ndoto?

Dosari kubwa zaidi haimo vitabuni, imo katika namna vinavyosomwa. Riwaya hizi zimewafikia vijana kwa njia ya mtihani, na mtihani una tabia zake. Chozi la Heri lilipokuwa kitabu teule, mwanafunzi wa kidato cha nne alipewa mwongozo kabla ya kitabu, akafundishwa kuorodhesha sifa za Sauna: katili, mnafiki, mwenye tamaa, kisha mahali pengine, chini ya kichwa cha ubakaji, aliandika tena jina la Sauna kama mfano, wala hakuulizwa sifa zile na mfano ule vinahusiana vipi. Hivyo kile ambacho mwandishi alikiunganisha kwa taabu, jedwali la marudio lilikitenganisha, na lawama ikarudi kule kule ilikokuwa. Darasani huenda aliketi msichana ambaye alikuwa amenyamazishwa kwao kama Sauna alivyonyamazishwa, naye akinakili neno "katili" kwa mwandiko mzuri ili apate alama. Mwalimu aliyekuwa na ujasiri wa kuliacha jedwali kwa kipindi kimoja, akauliza nani alipaswa kumsikiliza Sauna na hakumsikiliza, alifundisha riwaya. Wengine walifundisha mtihani.

Yako na maeneo ambayo yastahili kalamu zaidi. Takriban visa vyote hivi ni vya msichana aliyetoka, ilhali mabinti walio wengi hawatoki. Wanabaki, wakapika, wakalea wadogo zao, wakamficha mama chumba cha nyuma baba arudipo mlevi, na asubuhi wakaenda shule. Ushujaa wa kubaki hauna baa wala danguro la kuupamba, na kwa hiyo unamtaka mwandishi mwenye jicho kali zaidi. Kadhalika mtumishi wa nyumbani, ambaye aghalabu ni msichana wa umri ule ule wa binti wa mwenye nyumba, bado huingia katika hadithi kupitia mlango wa jikoni, akatenda wema au ubaya, akatoka. Historia yake huelezwa kwa kurasa chache kama ya Sauna, wakati ingejaza kitabu. Tena kuna mabinti wa Mombasa, Tanga na Unguja ambao mama zao wamekwenda Oman na Saudia kufanya kazi za majumbani, wakiwalea wana wao kwa sauti ya simu na fedha za kila mwezi, huku nyumba ikishikwa na bibi au na baba asiyezoea jiko. Nyumba hiyo haikuvunjwa na mtu mwovu yeyote; imevunjwa na haja, na kugawa lawama katika kisa kama hicho kutamtoa jasho hata mwandishi hodari.

Tukirejea kwenye maswali yale manne, hukumu yaweza kutolewa kwa utulivu. Katika kueleza kilichoharibika nyumbani, waandishi wetu wamefaulu tangu mwanzo, na wengine wamefaulu kwa kiwango cha juu kabisa. Katika kuchagua mpokeaji, wamebadilika kutoka kwa Mama Jeni hadi kwa Mwajuma, na kutoka kwa Mwajuma hadi kwa Hazina na Apondi, na mabadiliko hayo ni ya heri. Katika kugawa malipo, walichelewa, kama sheria zenyewe zilivyochelewa, lakini mizani imeanza kukaa sawa. Lililobaki ni swali la nne, nalo halitajibiwa na wanaume wala na walimu wala na wahakiki. Msichana aliyesoma Utengano au Chozi la Heri akiwa na umri wa miaka 16 leo huenda ni mwanamke mwenye watoto, mwenye kazi, na mwenye kumbukumbu za nyumba aliyokulia. Akishika kalamu, hatahitaji kuazima macho ya mtu ili aieleze, wala hatakuwa na sababu ya kumwua binti wake katika sura ya mwisho ili wazee waridhike kuwa funzo limepatikana.